Kufundisha Milango ya Fahamu ya Wadudu: Vipapasio vya Nondo na Harufu ya Kuitana

UTANGULIZI

Katika shule zetu za msingi mada ya wadudu hufundishwa aghalabu kwa namna moja. Mwalimu huchora mdudu ubaoni, humgawa katika sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo, huhesabu miguu sita, kisha huchora mstari kutoka kichwani na kuandika pembeni yake neno "vipapasio". Mwanafunzi akiuliza kazi yake, hujibiwa kwamba vipapasio ni vya kupapasia. Jibu hilo hunakiliwa katika daftari, hukaririwa, na hurudishwa kwa mwalimu siku ya mtihani. Si jibu la uongo, lakini ni sehemu ndogo tu ya ukweli, na ubaya wake mkubwa ni kwamba humfanya mtoto aone kuwa hakuna la kuuliza zaidi.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba kiungo hicho kidogo kinaweza kuwa somo kamili la sayansi. Tutaeleza jinsi nondo dume anavyoitambua harufu ya nondo jike kwa vipapasio vyake, na jinsi wataalamu walivyolijua jambo hilo hatua kwa hatua. Baadaye tutapendekeza namna ya kulifundisha katika darasa la tano au la sita kwa vifaa vinavyopatikana kijijini. Msingi tunaoutetea ni huu: mwalimu asitaje kiungo bila kueleza kazi yake, wala asitaje kazi yake bila kueleza imejulikanaje.

Jambo hili halihusu darasa peke yake. Viwavijeshi wanaoweza kumaliza shamba la mahindi kwa siku chache ni watoto wa nondo, na mtego unaotumiwa kutabiri kuja kwao umejengwa juu ya harufu hii tutakayoieleza. Mtoto wa mkulima asiyejua mtego huo unanasa nini, na kwa nini, hataweza kuusoma atakapokuwa mkulima mwenyewe.

MANENO YANAYOHITAJI KUFAFANULIWA

Kabla ya kuingia katika mada yenyewe, hapana budi mwalimu ayapime maneno atakayoyatumia, kwa kuwa matatu kati yake yanaweza kumpotosha mwanafunzi.

La kwanza ni "nondo". Watoto wengi, hasa wa mijini, wakilisikia neno hili hufikiria vyuma vya kujengea. Wengine humwita mdudu huyu "kipepeo wa usiku". Mwalimu aanze kwa kumwonyesha nondo mwenyewe, kisha ndipo alitaje jina.

La pili ni "kipapasio". Jina hili linatokana na kitenzi "kupapasa", nalo linamwambia mtoto kwamba kiungo hicho ni mkono wa kipofu. Ni kweli kwamba wadudu hugusia kwa vipapasio. Lakini kiungo hichohicho huhisi pia upepo na mtikisiko, na kwa nondo ndicho pua yake kuu. Kwa hiyo jina libaki, ila mwanafunzi aelezwe kwamba jina limetaja kazi moja tu kati ya nyingi.

La tatu ni "kusikia". Katika Kiswahili twasema tumesikia sauti, na twasema pia tumesikia harufu. Lugha yetu haina kosa katika hilo, lakini mtoto anayeambiwa kwamba "dume husikia harufu ya jike" anaweza kudhani kwamba jike hulia. Tena, nondo wengi, wakiwamo wa jamii ya viwavijeshi, wana masikio kifuani ambayo huwasaidia kusikia milio ya popo. Yafaa basi mwalimu aseme "kunusa" au "kutambua harufu" panapohusika harufu, na aliache neno "kusikia" kwa ajili ya sauti.

HARUFU ILIJULIKANAJE

Mtu wa kwanza kulichunguza jambo hili kwa majaribio mengi alikuwa Mfaransa Jean-Henri Fabre, aliyeishi kuanzia mwaka 1823 hadi 1915. Yeye alikuwa mwalimu kabla ya kujitolea kabisa kuwachunguza wadudu nyumbani kwake Sérignan, kusini mwa Ufaransa. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, jike wa nondo mkubwa mwenye mabawa ya madoa kama macho ya manyoya ya tausi alitoka katika kifukofuko chake. Fabre akamfunika kwa kizimba cha wavu wa waya. Usiku ule madume wapatao 40 waliingia nyumbani humo gizani wakimtafuta. Kwa muda wa usiku minane waliokuja walifika 150, ingawa nondo wa aina hiyo hawakuwa wengi katika eneo lile.

Waliongozwa na nini? Fabre hakukubali kukisia. Alimhamisha jike kutoka chumba hiki hadi kingine, na madume wakampata. Alimweka ndani ya visanduku vilivyozibwa kabisa, na hakuna dume aliyekuja. Kisanduku kikiachwa na upenyo, walikuja. Alikata vipapasio vya baadhi ya madume ili aone kama watarudi. Waliorudi walikuwa wachache mno, lakini Fabre hakuridhika, kwa sababu hata madume wazima hawakurudi wengi: maisha yao ni mafupi na huchoka upesi. Aliweka pia naftalini karibu na jike ili harufu yake kali iifunike harufu nyingine yoyote. Madume wakaja vilevile.

Jaribio hilo la naftalini lilimtia shaka. Yeye mwenyewe hakunusa chochote kwa jike, ila naftalini tu. Ingewezekanaje harufu isiyonuswa na mtu ishinde harufu inayojaza chumba kizima?

Jibu lilikaribia alipofanya jaribio jingine kwa nondo wa aina nyingine. Alimweka jike ndani ya chombo cha kioo, mahali peupe ambapo kila dume angemwona. Kizimba kitupu alichokuwamo jike usiku uliotangulia alikiweka kando, kwenye kona. Madume walipoingia walimpita jike aliyeonekana waziwazi, wakaenda kukizingira kizimba kitupu. Macho basi hayakuwa kiongozi wao. Kilichowaita kilikuwa kitu kilichoachwa na jike pale alipokaa, kitu kisichoweza kupenya kioo.

Tunawasihi wanachuo wautafakari mpangilio wa majaribio hayo. Kila moja liliondoa sababu moja iliyodhaniwa, mpaka ikabaki ile isiyoweza kuondolewa. Tena lina funzo jingine: pua ya binadamu si kipimo cha harufu zote zilizomo duniani.

Kitu chenyewe kilijulikana mwaka 1959. Mkemia Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake walikuwa wamefanya kazi kwa takriban miaka 20 juu ya nondo wa hariri, yule ambaye kiwavi wake hulishwa majani ya mforsadi. Kutoka katika tezi za majike wapatao 500,000 walipata miligramu chache tu za kitu safi, wakakiita bombikoli. Ni aina ya alkoholi ambayo molekuli yake ina atomu 16 za kaboni zilizopangwa kama mnyororo. Mwaka huohuo Peter Karlson na Martin Lüscher walitunga jina la jumla la vitu vya namna hiyo, yaani feromoni: kitu anachokitoa mnyama mmoja, kikapokelewa na mwenziwe wa aina yake na kubadili mwenendo wake. Kwa wanafunzi wa shule ya msingi tunapendekeza maneno "harufu ya kuitana".

KIPAPASIO KINAVYOFANYA KAZI

Sasa tuifuate harufu kutoka kwa jike hadi kwa dume. Tutaigawa safari hiyo katika hatua tano, kwa kuwa mwanafunzi hushika mambo vizuri zaidi yanapokuja kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza ni kutoa. Jike aliye tayari kuzaa hutulia mahali, akainua ncha ya tumbo lake na kutokeza nje tezi ndogo. Harufu huvukizwa kutoka katika tezi hiyo na kuchukuliwa na upepo. Kiasi chenyewe ni kidogo mno.

Hatua ya pili ni kukusanya. Kwa kuwa harufu ni haba, dume anahitaji chombo cha kuichuja kutoka katika hewa nyingi. Kipapasio cha dume wa nondo wa hariri kina shina, na shina lina matawi pande zote mbili, kama unyoya wa ndege au chanuo lenye meno pande mbili. Juu ya matawi hayo kuna vinywele virefu vipatavyo 17,000 katika kila kipapasio. Kila kinywele kina urefu wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Hewa inapopita, chembe za harufu hugonga vinywele na kunata juu yake. Nondo huyu wa hariri amefugwa kwa maelfu ya miaka hata hawezi tena kuruka, lakini anaponusa harufu ya jike hupiga mabawa yake kwa nguvu huku akitembea, na mapigo hayo huvuta hewa ipite vipapasioni. Tendo hilo lalingana na letu tunapovuta pumzi ili kunusa.

Hatua ya tatu ni kuvuka. Ngozi ya kinywele ina matundu madogo ambayo huonekana kwa hadubini ya elektroni tu. Chembe ya harufu hupenya hapo, lakini ndani hukutana na kizuizi: kinywele kimejaa maji, nayo harufu ya nondo ina asili ya mafuta. Kila mtoto aliyewahi kuosha sufuria anajua kwamba mafuta na maji havichangamani. Mwaka 1981 Richard Vogt na Lynn Riddiford walieleza protini waliyoikuta katika vinywele vya nondo mkubwa wa Marekani. Protini hiyo huishika chembe ya harufu na kuivusha katika maji hayo, mfano wa mtumbwi unaomvusha abiria asiyejua kuogelea.

Hatua ya nne ni kupokea. Ng'ambo ya maji kuna seli za neva, na juu ya ngozi ya seli hizo kuna vipokezi. Kipokezi na harufu yake ni kama kufuli na ufunguo. Katika kila kinywele kirefu cha nondo wa hariri kuna seli mbili: moja hupokea bombikoli, na nyingine hupokea kitu cha jamii yake kiitwacho bombikali. Ufunguo ukiingia katika kufuli lake, seli hutoa mpigo mdogo wa umeme, na mpigo huo husafiri katika neva hadi ubongoni.

Hatua ya tano ni kufuta. Kengele ya shule ikilia mfululizo kutwa nzima, haitamwambia mwanafunzi kwamba kipindi kimekwisha. Kadhalika kipokezi kilichokaliwa na harufu ya zamani hakiwezi kutoa habari ya harufu mpya. Kwa hiyo ndani ya kinywele mna vimeng'enya vinavyovunjavunja harufu iliyokwisha kupokewa, ili chombo kiwe tayari tena.

Mwanafunzi mdadisi atauliza: mpigo wa umeme ulipimwaje ndani ya kitu chembamba kama uzi? Mjerumani Dietrich Schneider alifanya hivyo katika miaka ya 1950. Alikitoa kipapasio cha nondo wa hariri, akaunganisha ncha zake mbili na chombo cha kupimia umeme, kisha akakipulizia hewa yenye harufu ya jike. Umeme ulibadilika mara moja. Kipapasio cha jike hakionyeshi badiliko hilo kwa bombikoli, maana yake jike hawezi kuinusa harufu yake mwenyewe. Mwaka 1970 Karl-Ernst Kaissling na Ernst Priesner walionyesha kwamba molekuli moja tu ya bombikoli yatosha kuamsha mpigo katika seli. Mipigo ipatayo 200 kutoka kipapasioni katika muda wa sekunde moja yatosha kumfanya dume aanze kupiga mabawa.

Uthibitisho mwingine ulitoka Marekani mwaka 1986. Anne Schneiderman na wenzake walipandikiza vichipukizi vya vipapasio vya madume katika viwavi majike wa nondo wa tumbaku. Majike hao walipokuwa nondo kamili wenye vipapasio vya kiume, waliruka kuufuata upepo wenye harufu ya jike, jambo ambalo jike wa kawaida halifanyi.

HARUFU HUWAONGOZAJE

Kuitambua harufu si sawa na kujua ilikotoka. Wengi hudhani kwamba harufu huwa kali zaidi kila unapokaribia, na kwamba dume huufuata ukali huo kama mtu apandaye ngazi. Lakini harufu katika upepo haitandi kama maji katika bakuli. Huchanwachanwa na upepo ikawa nyuzi na vipande, na kati ya kipande na kipande mna hewa tupu.

Mwaka 1974 Mwingereza John Kennedy pamoja na mwenzake Marsh walilichunguza jambo hili kwa kuwarusha nondo wa nafaka za ghalani ndani ya njia ya upepo, ambayo sakafu yake yenye mistari iliweza kusogezwa. Waliona kwamba dume akikutana na harufu huelekea upepo unakotoka, na huyatumia macho yake kutazama ardhi ili ajue upepo unampeleka wapi. Akiipoteza harufu, haendi mbele tena, bali huyumba kulia na kushoto mpaka aikute upya. Kwa hiyo harufu humwambia jambo moja, yaani "yupo"; upepo ndio umwambiao "yuko upande ule".

Lipo pia swali la aina. Usiku mmoja majike wa aina nyingi huita kwa pamoja. Kila aina ina mchanganyiko wake wa harufu, na vipimo vyake ni muhimu sawa na vitu vyenyewe. Wapishi wawili wanaweza kutumia viungo vilevile vya pilau kwa vipimo tofauti, na mlaji akatambua mkono wa kila mmoja. Mfano ulio wazi ni nondo mmoja wa mahindi wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, mwenye makundi mawili. Yote mawili hutumia vitu viwili vilevile. Katika kundi moja, vipimo ni karibu 97 kwa 3, na katika kundi la pili hukaribia kuwa kinyume chake. Madume wa kundi moja kwa kawaida hawavutiwi na majike wa kundi jingine.

MTEGO WA HARUFU SHAMBANI

Wataalamu walipoweza kuzitengeneza harufu hizi katika maabara, mkulima alipata chombo kipya. Mtego wa harufu ni chombo chepesi chenye chambo kilicholoweshwa harufu ya jike wa aina moja. Dume huja akidhani amempata jike, akanaswa.

Katika Afrika Mashariki mitego hii imetumika sana kuwachunguza viwavijeshi wa asili ya Afrika. Nondo wao huchukuliwa na upepo masafa marefu, na mvua za mwanzo wa msimu huwakusanya pamoja. Majike hutaga, mayai huanguliwa baada ya siku chache, na viwavi hushambulia mahindi, mtama, mpunga na malisho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika wilaya ya Kilosa, Tanzania, ulianzishwa mpango wa kuwafundisha wanakijiji wenyewe kutabiri. Kijiji hupewa mtego na kipimo cha mvua, na waliofunzwa huhesabu nondo walionaswa. Nondo wakiwa wengi na mvua ikiwa imenyesha, wakulima huonywa wakague mashamba yao mapema, wakati viwavi wangali wadogo.

Mitego ya namna hii imekuwa muhimu zaidi tangu kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya bara la Amerika, aliporipotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuthibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2017. Kila aina inahitaji chambo chake. Chambo cha nondo mmoja kwa kawaida hakimwiti mwingine.

Hapa pana kosa ambalo mwalimu lazima alizuie. Mtu akiuona mtego umejaa nondo hufurahi na kusema kwamba shamba limepona. Sivyo. Nondo aliyenaswa hali mahindi. Alaye mahindi ni kiwavi. Tena walionaswa ni madume tu, na majike wangali shambani wakitaga. Mtego uliojaa ni onyo kwamba huenda viwavi wanakuja. Mkulima anayeusoma kama ushindi atalala nyumbani wakati anaopaswa kuwa shambani.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Tunapendekeza mada hii ifundishwe kwa vipindi viwili, na maandalizi yaanze usiku uliotangulia. Mwisho wa vipindi hivyo mwanafunzi aweze kutaja kazi ya vipapasio vya nondo zaidi ya kugusa, aeleze jaribio moja linaloithibitisha, na aeleze mtego wa harufu unamwambia nini mkulima.

Zoezi la kwanza: kuchunguza. Mwalimu atundike shuka jeupe nje usiku na kuweka taa mbele yake. Nondo watakaotua wawekwe kwa upole katika chupa safi zilizofunikwa kwa kitambaa. Darasani, wanafunzi wavitazame vipapasio kwa lenzi ya mkono na kuvichora kama walivyoviona, si kama vilivyochorwa kitabuni. Akipatikana kipepeo, wamlinganishe: vipapasio vya kipepeo huishia kwa kifundo, vya nondo aghalabu havina. Baadaye wadudu waachiliwe.

Zoezi la pili: unyoya na kijiti. Kila kikundi kipewe unyoya wa kuku na kijiti chenye urefu uleule. Vyote viwili vipitishwe katika vumbi la chaki, kisha vitazamwe kwa lenzi. Wanafunzi waulizwe ni kipi kimezoa vumbi zaidi, na kwa nini. Ndipo mwalimu aeleze kwa nini kipapasio cha dume wa nondo wa hariri kina matawi.

Zoezi la tatu: makopo matatu. Kopo la kwanza litiwe kitunguu kilichokatwa na kuzibwa kabisa kwa kifuniko. La pili litiwe kitunguu na kufunikwa kwa kitambaa chepesi. La tatu liwe tupu na kufunikwa kwa kitambaa kama la pili. Wanafunzi waliofumba macho wajaribu kutambua lenye kitunguu. Mwalimu asiwaambie matokeo. Awaulize kila kopo limeondoa sababu gani, na kopo tupu lina kazi gani. Baada ya hapo awasimulie majaribio ya Fabre, na wataona kwamba wamekwisha kuyafanya wenyewe.

Zoezi la nne: moshi wa ubani. Mwalimu mwenyewe achome ubani kidogo nje ya darasa penye upepo mwanana, na wanafunzi wasimame pembeni. Wautazame moshi ulivyo mzima karibu na chetezo, na unavyokatikakatika kadiri unavyokwenda mbali. Kisha mwanafunzi mmoja asimame upande unaoelekea moshi akiwa amefumba macho, na ainue mkono kila anaponusa ubani. Darasa litaona kwamba mkono hupanda na kushuka: harufu humfikia vipande vipande.

Katika kufundisha, mwalimu aepuke mambo manne. Asikate vipapasio vya wadudu hai mbele ya watoto. Majaribio hayo yamekwisha kufanywa, na kuyasimulia kunatosha. Asiwaruhusu watoto kushika viwavi wenye manyoya, kwa kuwa baadhi yao huwasha. Asiseme kwamba nondo wote wana vipapasio kama unyoya: vya nondo wa viwavijeshi ni vyembamba kama uzi, na bado hufanya kazi ileile kwa vinywele vilivyo juu yake. Na asitaje kwa wepesi kwamba dume hunusa kutoka kilomita nyingi, kwani umbali aliosafiri dume si lazima uwe umbali alioinusa harufu. Huenda sehemu kubwa ya safari aliruka tu bila dalili yoyote.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kipapasio cha nondo huchuja harufu kutoka hewani, huivusha, huipokea, huipeleka habari yake ubongoni na kuifuta. Tumeona pia kwamba hakuna hata hatua moja kati ya hizo iliyojulikana kwa kukariri. Kila moja ilitokana na mtu aliyekataa kuridhika na jibu la kwanza, hata kama jibu hilo lilikuwa ndani ya jina lenyewe.

Mwalimu wa shule ya msingi hana maabara ya Ujerumani, lakini ana taa, shuka, makopo, unyoya wa kuku, na watoto ambao hawajazoea kunyamaza. Mtoto akiuliza, "Mwalimu, tumejuaje?", asichukuliwe kuwa mkorofi. Huyo ndiye atakayekuja kuusimamia mtego wa kijiji na kujua kwamba umempa onyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika jaribio la kizimba kitupu na chombo cha kioo, ni sababu gani iliondolewa, na ni ipi iliyobaki?

2. Eleza kwa maneno yanayofaa darasa la tano kwa nini harufu iliyokwisha kupokewa lazima ifutwe.

3. Mkulima amekuta nondo wengi katika mtego wake baada ya mvua za kwanza. Andika mazungumzo mafupi ambamo mwanafunzi wako anamshauri la kufanya.

4. Taja kiungo kingine cha mnyama ambacho jina lake la Kiswahili hutaja kazi moja tu, na upange somo litakaloonyesha kazi zake nyingine.